Familia ya mshahara au familia ya duara: utangaze vipi kituo cha watoto kwenye mji wa machimbo?

Mtu anayefungua kituo cha kulelea watoto Geita mjini, Katoro au Kakola hufuatwa mapema na fundi wa mabango, kijana wa gari la matangazo na mtu wa mauzo wa redio. Wote wana swali moja: utatangaza kwa njia gani? Kuna swali linalotangulia hilo, nalo ni familia ipi unaiita. Kwenye miji yetu ya dhahabu zipo familia za aina mbili, ya mshahara na ya duara (yaani shimo la wachimbaji wadogo), zinazopanga mtaa mmoja na kukopa sukari duka moja, lakini pesa haziingii kwao kwa njia moja, hawaondoki nyumbani saa moja, wala hawaulizi mtu mmoja linapokuja suala la mtoto. Njia inayojaza kituo kwa familia za kwanza inaweza kukiacha kitupu kabisa kwa familia za pili.

Nitazilinganisha njia zenyewe, ila nianze na familia, maana bila hizo ulinganisho wote unaelea.

Mtaa mmoja, familia mbili

Familia ya mshahara inatokana na mgodi mkubwa na kila kinachouzunguka. Mgodi wa Geita, mali ya AngloGold Ashanti, unazalisha tangu mwaka 2000. Bulyanhulu pale Kakola na North Mara pale Nyamongo inaendeshwa na Barrick kupitia kampuni ya Twiga, ambayo Serikali ina asilimia 16 ndani yake. Nyuma ya migodi hii kuna makandarasi, benki, hospitali, halmashauri, shule. Wengi wa wafanyakazi hawa wametoka Dar es Salaam, Moshi, Mbeya au Mwanza. Bibi wa mtoto yuko mbali, shangazi yuko mbali. Mgodi mkubwa kwa kawaida huenda kwa zamu za saa 12, mchana na usiku, na basi la wafanyakazi halimsubiri mtu. Mshindani wako kwa familia hii ni dada wa kazi, na mama anampima kila siku: leo kafanya hili, kesho kaaga anarudi kwao bila taarifa.

Familia ya duara inaishi kwa uchimbaji mdogo, kule Rwamgasa, Nyarugusu na sehemu nyingine nyingi. Baba yuko kwenye duara na analipwa kwa mgao wa viroba vya mawe. Duara likitema, nyumba inabadilika ndani ya wiki moja. Lisipotema, inakopwa hadi dagaa. Mama anauza chakula, anaponda mawe karashani, penye mashine za kusagia mawe, au anaosha mchanga mwaloni, mahali pa kuoshea dhahabu, na pesa yake ni ya kila jioni. Mshindani wako hapa ni dada mkubwa wa mtoto, wa miaka tisa au kumi, anayekosa shule ili abaki na mdogo wake, au ni mgongo wa mama mwenyewe. Mtoto anakwenda naye mwaloni.

Hilo la mwisho linaniuma kuliko yote. Kwenye uchenjuaji mdogo dhahabu hunaswa kwa zebaki, kisha zebaki inachomwa itoke kama mvuke, mara nyingi hapo hapo watu walipo. Mvuke huo unaharibu mfumo wa fahamu, na mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi kwa sababu ubongo wake bado unajengeka. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na kabla ya hapo, mwaka 2013, Human Rights Watch ilikuwa imechapisha ripoti ndefu kuhusu watoto kwenye machimbo ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Vumbi la karasha na mashimo yaliyoachwa wazi yanajulikana na kila mkazi. Kwa hiyo ninapozungumzia kutangaza kituo kwa familia hizi, nazungumzia kumtoa mtoto kwenye moshi. Kazi hiyo inastahili kufanywa kwa akili ile ile tunayoitumia kuuza simu na sabuni.

| | Familia ya mshahara | Familia ya duara |
|---|---|---|
| Pesa inaingia | Mwisho wa mwezi | Jioni kwa mama. Kwa baba, mzigo ukitoka |
| Mtoto sasa yuko na | Dada wa kazi | Dada yake, jirani, au mwaloni na mama |
| Mama anamuuliza | Mfanyakazi mwenzake, kundi la WhatsApp | Mama mwenzake wa kikundi, muuguzi, mwenyekiti wa kitongoji |
| Swali la kwanza | Kimesajiliwa? Nani anabaki naye? | Bei gani kwa siku? Anakula? |
| Anaondoka kwa sababu | Uhamisho, mkataba umeisha | Rashi (mbio za dhahabu mpya) imetokea kwingine |

Saa na malipo kwanza

Kabla ya njia yoyote kuna mambo mawili ambayo yenyewe ni tangazo. La kwanza ni saa ya kufungua. Kibao kilichoandikwa "Tunapokea watoto kuanzia saa 11 alfajiri" kinafanya kazi kubwa kuliko kibao cha "Malezi bora kwa mwanao", ambacho kila kituo kinacho. Muuguzi wa zamu na mama anayebandika chai ya wachimbaji kabla ya jua wote wawili wanakisoma na kujua kwamba mwenye kituo anaujua mji wao. Ukifungua saa 2 asubuhi, utapata watoto wa walimu na wa maofisa wa halmashauri, basi.

La pili ni namna ya kulipa. Familia ya mshahara ilipe kwa mwezi, kwa lipa namba, ipewe risiti. Familia ya duara ilipe kwa siku, na mama awe na kadi inayowekwa alama kila asubuhi. Tuseme mwezi ni shilingi 35,000 na siku ni 1,500. Kwa siku 24 za kazi huyo wa pili anafikisha 36,000, karibu sawa na mwenzake, lakini hakuna aliyemwambia alete kwa mkupuo pesa ambayo hajawahi kuishika kwa mkupuo. Punguzo la kulipa mwaka mzima linavutia upande mmoja tu wa mtaa. Ukilitangaza kwa wote, upande wa pili unaelewa kuwa kituo si chao.

Na ahadi zitofautiane pia. Darasa la awali kwenye shule ya serikali halina ada tangu 2016, hivyo kumwambia mama wa mwaloni kwamba utamfundisha mwanawe kusoma ni kumuuzia kitu atakachokipata bure. Mwambie uji saa 4, chakula cha mchana, usingizi mahali safi, mtu mzima anayemjua mtoto kwa jina. Familia ya mshahara itauliza kuhusu Kiingereza na usaili wa shule binafsi; jibu kwa ukweli kile unachoweza.

Siku ya kliniki dhidi ya kundi la WhatsApp

Hizi ndizo njia mbili ninazoziamini kuliko nyingine, kila moja kwa familia yake.

Kliniki ya mama na mtoto inakusanya familia zote mbili, lakini kwa familia ya duara ndiyo mahali pekee ambapo mama anakaa akisubiri, mtoto mapajani, na akili yake iko kwa mtoto huyo tu. Chanjo ya surua-rubela hutolewa miezi 9 na kurudiwa miezi 18. Mama wa miezi 18 ndiye wako hasa: mtoto ameanza kukimbia, habebeki tena kwa urahisi, na mwaloni amekuwa hatari kwake na kero kwa wenzake. Baada ya chanjo hiyo kina mama wengi huacha kuja kupima uzito, hivyo ukimkosa hapo hutampata tena kirahisi.

Kuna utaratibu wake. Omba ruhusa kwa mganga mfawidhi, kwa barua, ukiambatanisha nakala ya cheti cha usajili. Usiombe kugawa vipeperushi. Omba dakika kumi baada ya muuguzi kumaliza somo la lishe, na umwachie yeye akutambulishe, kwa maana mama anayemwamini muuguzi na sindano atamwamini na neno lake. Nenda na mlezi atakayebaki na watoto kila siku. Mama atamtazama mlezi akimshika mtoto wa mwenzake, atamwona mtoto analia au ananyamaza, na hapo ameshaamua. Kijana uliyemlipa aongee vizuri hawezi kufanya hivyo hata umpe kipaza sauti. Gharama yake ni nauli na asubuhi moja. Udhaifu wake ni kwamba matunda yanakuja taratibu: mama anasikia leo, anaongea na mumewe, anapita kuchungulia wiki ijayo, analeta mtoto mwezi unaofuata.

WhatsApp iko haraka. Mama aliyehamia Geita wiki iliyopita anaandika kwenye kundi la wapangaji au la wafanyakazi wenzake, "Jamani, nani anajua kituo kizuri cha watoto?", na ndani ya nusu saa ana majina matatu. Unachotaka ni jina lako litajwe na mzazi aliye tayari kwako. Ukijitosa mwenyewe na bango la rangi kwenye kundi lisilo lako, utafutwa au utapuuzwa. Wape wazazi ulio nao kitu cha kutuma: picha ya jiko, ya vyoo vidogo vya watoto, ya uzio na geti, ya ratiba ya chakula ya wiki. Mama wa mshahara anaogopa vitu viwili, uchafu na mtoto kutoka nje bila mtu kujua. Picha za vyoo na geti zinamjibu moja kwa moja.

Picha za watoto wenyewe uwe nazo makini sana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na sura ya mtoto ni taarifa binafsi. Pata ridhaa ya mzazi kwa maandishi, na hata ukiipata, usiweke jina la mtoto pamoja na mahali alipo na saa anazochukuliwa. Vituo vingi hurusha video za watoto wakicheza, zikiwa na bango la kituo nyuma na sare zenye jina. Mimi nisingefanya hivyo.

Kwa familia ya duara WhatsApp ni dhaifu. Simu janja, ikiwepo, mara nyingi iko na baba duarani. Mama ana kitochi. Atapigiwa, hatatumiwa picha.

Vikundi na mlango kwa mlango, dhidi ya redio na gari

Vikundi vya VICOBA, vya kuweka na kukopa, hukutana kila wiki, siku na saa inayojulikana, na ndani yake wamo mama lishe, wauza mitumba, wapondaji wa mawe. Pitia kwa mwenyekiti wa kitongoji kwanza, kisha kwa kiongozi wa kikundi. Hawa kina mama wanajuana madeni na tabia, na mmoja akileta mtoto, wenzake watamwangalia kwa wiki mbili kimya kabla ya kufuata. Kwa hiyo wazo la kumlipa mama kamisheni kwa kila mtoto anayemleta halinipendezi. Wakijua kuwa amelipwa, neno lake limekufa, na ndilo neno pekee ulilokuwa nalo. Afadhali mtoto wake apewe siku kadhaa bila malipo, kwa uwazi, na iwe hivyo kwa kila mzazi anayeleta wenzake.

Mlango kwa mlango ni kazi ya kuchosha na inafaa wiki mbili za mwanzo tu, jioni. Mama lishe mfuate saa 9 alasiri, wateja wa mchana wakishaondoka. Ukimfuata saa 7 unamharibia biashara naye hatakusahau kwa ubaya.

Redio za Geita na Kahama zinasikilizwa hadi karashani, na wasikilizaji wake wengi wakati wa kazi ni kina baba. Huko ndiko kuna faida yake: baba anayesikia jina la kituo anakubali haraka mama anapolitaja. Lakini tangazo la sekunde thelathini ni pesa inayopita masikioni. Omba kipindi cha mazungumzo, uende na Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, mjadili zebaki na watoto, kisha useme kituo kiko wapi na kinafungua saa ngapi. Gari la matangazo lina siku yake moja, nayo ni siku ya mnada karibu na ufunguzi. Zaidi ya hapo ni kelele mtaani.

Matangazo ya kanisani na msikitini hayana gharama na yanafika kwa familia zote mbili kwa pamoja. Sharti ni moja: yatoke pande zote, wiki ile ile, la sivyo kituo kitaitwa cha dhehebu fulani na utaweka miaka kulifuta jina hilo. Madereva wa bodaboda wa kijiwe cha karibu nao wajue mlango wako, kwa kuwa wageni wa mji huwauliza wao kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mkataba na kampuni

Wengi wanaota mlango huu: kampuni isaini, watoto arobaini waje kwa siku moja. Milango yenyewe ni miwili, na watu huichanganya.

Mlango wa kwanza ni fedha za wajibu wa kampuni kwa jamii. Tangu Sheria ya Madini ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017, mgodi unatakiwa kuandaa mpango wa kila mwaka na kukubaliana na halmashauri. Ombi lako kwa hiyo linapitia halmashauri, linashindana na zahanati na madarasa, na likifanikiwa litaleta jengo, uzio au kisima. Halileti mtoto hata mmoja. Ukiwa kwenye kata ya wachimbaji wadogo isiyo na jengo lolote salama, ni mlango mzuri, na maofisa wa ustawi wana sababu ya kukuunga mkono kwa kuwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataka vituo vya namna hiyo viongezeke. Kama unategemea ujaze nafasi mwezi ujao, si mlango wako.

Mlango wa pili ni mwajiri kuchangia ada za wafanyakazi wake. Hapa makandarasi, hospitali na benki hufikika kuliko mgodi wenyewe, kwa kuwa anayeamua anakaa hapo hapo mjini. Usiende na maneno ya huruma. Nenda na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mama ana likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini mwajiri anatakiwa kumruhusu hadi saa mbili kwa siku anyonyeshe. Haki hiyo ni vigumu kuitumia ikiwa mtoto yuko mbali na kazini. Kituo kilicho karibu na ofisi au geti kinaifanya itumike kweli, na mwajiri anabaki na mfanyakazi aliyemfundisha kwa miaka. Matawi ya vyama vya wafanyakazi, TAMICO na NUMET, yanaweza kuibeba hoja hiyo ndani vizuri kuliko wewe wa nje. Ila ujue unachoahidi: kupokea wachanga kunahitaji walezi wengi zaidi, maziwa yanayotunzwa kwa ubaridi na chumba cha pekee. Usiiweke kwenye barua kabla hujawa nayo na kabla Afisa Ustawi hajaikagua.

Hatari ya mkataba ni kwamba mgodi una mwisho. Buzwagi pale Kahama ulifika mwisho wa uzalishaji mwaka 2021, na mgodi unapofungwa mahitaji ya makandarasi nayo hufungwa. Mimi nisingeruhusu mwajiri mmoja awe na zaidi ya theluthi moja ya watoto wa kituo.

Ningechagua nini

Ukiwa karibu na makazi ya wafanyakazi, una jengo na cheti, anza na wazazi watano walioridhika na simu zao, ongeza barua kwa waajiri watatu wa mjini, halafu kliniki. Redio iache kwa mwaka wa kwanza.

Ukiwa Rwamgasa au mahali pa namna hiyo, weka nguvu zote kwenye kliniki na vikundi, malipo ya siku, uji. Kipindi cha redio kimoja kwa ajili ya kina baba. WhatsApp isikupotezee muda.

Wengi wako katikati, kama Katoro, na kwao familia zote mbili zinapita mlango mmoja. Hapo ada za mshahara ndizo zitakazolipa walezi mwezi ambao maduara yamekauka, na watoto wa duara ndio wanaokihitaji kituo kuliko wote. Mimi ningewapokea wote, mkeka mmoja, chakula kimoja, sare hakuna. Tofauti ibaki kwenye daftari la malipo, ambalo mtoto halioni. Wazazi wa mshahara watakaokataa mchanganyiko huo wapo, waache waende.

Usajili usiuchukulie kama karatasi ya kufungia kabati. Sheria ya Mtoto ya 2009 inautaka. Cheti kikae ukutani mahali mama anapovua viatu, na namba ya ofisi ya ustawi iandikwe chini yake ili mzazi ajue pa kulalamika. Kwa familia ya mshahara hilo peke yake limefunga maswali matatu.

Kwenye daftari la kuandikisha weka safu ya "Ulisikia kwa nani?" na uijaze kwa jina la mtu au mahali. Baada ya miezi mitatu isome. Njia isiyotajwa na mzazi hata mmoja iondoe kwenye bajeti, hata kama mwenye redio ni rafiki yako. Na rashi ikitokea kwingine, mtoto wa familia ya duara akiacha kuja ghafla, usimfute. Mpigie mama kwenye kitochi chake, muulize mtoto anaendeleaje na wamefikia wapi, mwambie nafasi ipo hadi mwisho wa msimu. Familia hizi hurudi, mara nyingi zikiwa zimeongozana na majirani wa kule walikotoka.